Kifaa cha Kusikia cha Kujirekebishia, na Mizani Iliyokipima

Mtu mzima ambaye usikivu wake umepungua kidogo tu, yaani yule ambaye kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani hapati sauti mpaka ifikie baina ya desibeli 20 na 35, hajioni kuwa ni mgonjwa, wala jamaa zake hawamwiti kiziwi. Husikia kwamba anasemeshwa, hutambua anayesema ni nani na amekaa upande gani, lakini maneno yenyewe humfikia yakiwa na mapengo, kwa kuwa sauti nyembamba kama za s, f na t ndizo zinazotangulia kumponyoka, hasa pakiwa na feni, redio na watu wanaozungumza wote kwa pamoja. Kwa mtu wa namna hiyo, utaratibu wa zamani wa kumwendea mtaalamu, kupimwa ndani ya chumba kisichoingia kelele, kisha kurudi tena na tena ili kifaa kirekebishwe, ni gharama na taabu ambayo aghalabu huiahirisha mwaka baada ya mwaka. Ndipo ilipozuka fikira ya kumkabidhi kifaa pamoja na programu ya simu, ajirekebishie mwenyewe. Na sheria ya Marekani ya mwaka 2017, ambayo kanuni zake zilianza kutumika tarehe 17 Oktoba 2022, imeruhusu vifaa hivyo viuzwe madukani bila cheti cha tabibu kwa watu wa miaka 18 na zaidi.

Katika makala haya nataka kuitazama njia waliyopita wachunguzi hata wakajipa haki ya kusema kuwa vifaa hivyo vinafaa, kwani kupima kifaa cha kusikia ni kazi yenye mitego kuliko inavyodhaniwa. Mtu akishalipa fedha, akavaa kitu sikioni, akaulizwa na watu wenye adabu na madaftari kama sasa anasikia vizuri, moyo wake humvuta kujibu ndiyo, na jibu hilo huwa na chembe ya kweli na chembe ya matumaini, wala hakuna mashine ya kuzitenga.

Mtego huo ulitafutiwa dawa na Larry Humes na wenzake wa Chuo Kikuu cha Indiana, katika jaribio walilolichapisha mwaka 2017. Waliwachukua watu 154 wenye umri wa miaka 55 hadi 79, wakawagawa kwa nasibu mafungu matatu, na wote wakapewa kifaa cha aina moja. Fungu la kwanza lilirekebishiwa na mtaalamu kwa ukamilifu wa kazi yake. La pili lilijichagulia lenyewe miongoni mwa vifaa vilivyokwisha kutayarishwa kwa mifano mitatu ya upungufu iliyo ya kawaida. Na la tatu, ambalo ndilo lililolipa jaribio hili heshima yake, lilivalishwa kifaa ambacho kwa nje hakina tofauti na vile vingine, ila kilikuwa kimewekwa kipitishe sauti kama ilivyo bila kuiongezea chochote. Washiriki hawakujua nani kapewa nini, na waliokuja kuwapima baadaye hawakujua pia. Fauka ya hayo, nusu yao walitozwa dola 600 kwa jozi na nusu dola 3,600, kusudi ionekane kama bei peke yake humfanya mtu asikie; na bei, alhamdulillahi, haikuonyesha athari.

Baada ya wiki sita, waliojichagulia walionekana kufaidika karibu sawasawa na waliohudumiwa na mtaalamu, isipokuwa katika kuridhika. Kwani walipoulizwa kama wangependa kubaki na vifaa vyao, asilimia 81 ya waliohudumiwa walikubali, na asilimia 55 tu ya waliojichagulia. Lakini hesabu ninayoiona mimi kuwa ndiyo darasa kubwa ni ya lile fungu la tatu: asilimia 36 walikuwa tayari kununua kifaa ambacho hakikuwaongezea sauti hata kidogo. Kila anayesoma tangazo lenye picha ya mzee anayetabasamu, akaambiwa kuwa watumiaji wengi wameridhika, na aiweke hesabu hiyo mbele yake kwanza, aone ridhaa hiyo inabakiza nini baada ya kuitoa.

Upungufu wa Indiana ni kwamba kuchagua kimoja katika mifano mitatu hakujawa bado kujirekebishia. Kampuni ya Bose, ambayo kifaa chake kilikuwa cha kwanza cha kujirekebishia kupata idhini ya Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani mnamo Oktoba 2018, ilimpa mtumiaji magurudumu mawili kwenye simu, moja la kupandisha sauti yote na jingine la kulinganisha sauti nene na nyembamba, akayazungusha mpaka apendezwe. Wengine wamepita njia tofauti: simu hupiga milio myembamba na minene kupitia kifaa kilichomo sikioni, mwenye sikio huashiria kila anaposikia, na programu hufanya hesabu yenyewe.

Njia hii ya pili ndiyo iliyojaribiwa Afrika Kusini, katika Chuo Kikuu cha Pretoria, na Karina De Sousa, De Wet Swanepoel na wenzao, wakachapisha matokeo mwaka 2023. Kifaa kilikuwa kimoja kwa wote, kiitwacho Lexie Lumen, na tofauti pekee ilikuwa mkono uliokirekebisha, wa mtaalamu au wa mwenyewe. Watu 64 walikamilisha. Kwa wiki mbili za mwanzo hakuna aliyeruhusiwa msaada. Kisha milango ya marekebisho ikafunguliwa kwa pande zote mbili, wakaongezewa wiki nne. Mwisho wa zile wiki mbili, waliojirekebishia walikuwa mbele katika majibu ya hojaji. Mwisho wa wiki sita tofauti ya maana ikawa haipo tena, na katika vipimo vya kusikia maneno ndani ya kelele pande hizo mbili hazikupitana.

Mimi naukubali uamuzi huo kwa hadhari. Hapakuwa na fungu la kifaa kitupu kama Indiana, na mtu aliyejifanyia kazi kwa mkono wake huisifu kwa wepesi, kwa hiyo ushindi wa wiki mbili siupi uzito. Tena, kutoonekana tofauti kwa watu 64 si ithibati kwamba tofauti haipo. Na insafu yanitaka niseme kuwa Swanepoel ni miongoni mwa waasisi wa kampuni ya hearX, iliyokileta kifaa hicho sokoni.

Shahidi ninayemwamini zaidi ni kipimo cha tarakimu katika kelele, ambacho Afrika Kusini imekuwa ikikitumia kwa simu tangu 2016. Msikilizaji hutajiwa tarakimu tatu huku kelele ikivuma. Akizipata, sauti hufifishwa, akikosa hupandishwa, mpaka kijulikane kiwango ambacho hupata nusu na hukosa nusu. Hapo adabu na matumaini havina nafasi. Atakayekiandaa kwa Kiswahili atakuwa na kazi ya kupendeza: tarakimu zote, kuanzia moja hadi tisa, zina silabi mbili mbili, basi hakuna itakayojulikana kwa urefu wake tu, na sita na tisa zina irabu zile zile, zikitofautiana kwa s na t kubadilishana mahali, ambazo ndizo sauti anazozikosa huyu mtu wetu.

Basi wewe unayeletewa kifaa hiki na jamaa aliye ng'ambo, fahamu kuwa ruhusa yake ni kwa watu wazima wenye upungufu mdogo au wa wastani, usimvalishe mtoto. Na ikiwa usikivu umepotea ghafla, au umepungua sikio moja tu, au sikio linatoa usaha, au kichwa kinazunguka, kiache ndani ya kisanduku chake uende kwa tabibu kwanza.