Punje Tatu za Wali

Mtoto wa miezi 14 amekalishwa mkekani nyuma ya nyumba, Kama, teritwari ya Pangi, mgongo wake umeegemea paja la koko. Huku Maniema, mashariki mwa Kongo, mzaa mama anaitwa koko, maana ukisema bibi watu wataelewa mke wa mtu. Mama yake anamlisha uji wa unga wa mchele uliokolezwa karanga za kutwangwa. Vijiko vinne vinapita vizuri. Katika cha tano mama amezificha punje tatu za wali, akitumaini zitashuka pamoja na uji. Mtoto anatulia, uso unajikunja, ulimi unasukuma mbele, na punje zote tatu zinatua kidevuni.

"Mama, unaona? Anatema yote."

"Si yote," koko anajibu huku akimfuta. "Uji ameumeza."

Mama aliona mtoto mbishi wa kula. Koko aliona mtoto aliyepewa kazi mbili kwa wakati mmoja, akaifanya moja na kuikataa nyingine. Yote aliyoyafanya koko katika wiki tatu zilizofuata yalitokana na tofauti hiyo, na hatua zake zinafaa kufuatwa moja moja.

Tuanze na mdomo wenyewe. Mtoto anayenyonya huusogeza ulimi mbele na nyuma, na uji hauhitaji zaidi ya hapo. Kutafuna ni kazi nyingine. Ulimi sharti ujifunze kwenda pembeni, uibebe punje hadi kwenye fizi, taya liiponde, kisha ulimi uikusanye tena katikati ndipo imezwe. Ufundi huo hauji wenyewe kwa umri. Unakuja kwa kuufanyia mazoezi. Wala haungoji magego, ambayo hutoka kati ya miezi 13 na 19 hivi. Fizi za mtoto wa miezi 8 zinaweza kuponda ndizi iliyochemshwa.

Sasa weka punje ndani ya uji. Uji unataka umezwe mara moja, punje inataka isubiri. Kwa mdomo ambao haujazoea, mchanganyiko huo wa maji na vipande ndio mgumu kuliko vyote, mgumu kuliko punje peke yake. Mama alidhani anamrahisishia, kumbe alikuwa amempa somo la mwisho kabla ya la kwanza. Simlaumu hata kidogo. Karibu kila nyumba niliyowahi kukaa huficha chakula kigeni ndani ya kile mtoto anachokipenda, na mara nyingi mtoto huishia kukitilia shaka hata kile alichokipenda.

Jirani alishauri wamwanzishie bugali wa muhogo, "azoee chakula cha watu". Koko alikataa, na mimi namuunga mkono. Bugali unaonekana mgumu mkononi, lakini mdomoni hauna kipande. Hata sisi wakubwa hatuutafuni: tunaufinyanga, tunauchovya kwenye sombe (mboga ya majani ya muhogo), tunaumeza. Mtoto anaweza kula bugali mwaka mzima bila kujifunza kutafuna. Tena muhogo karibu wote ni wanga, una protini kidogo mno, na usipoloweshwa siku za kutosha unabaki na sumu ya sianidi. Nafasi yake sahanini ipo, ila kazi ya kufundisha kutafuna haiwezi.

Kazi hiyo inawezwa na wali, na Maniema ina bahati nao. Mpunga uliingia ukanda huu wa mto Lualaba katika karne ya 19 kwa misafara ya wafanyabiashara wa pwani, pamoja na Kiswahili tunachokizungumza, na leo unalimwa hadi kwenye mashamba madogo ya msituni. Uzuri wa mchele kwa kazi hii ni kwamba ladha yake haibadiliki ukiwa unga, bokoboko au punje. Kinachobadilika ni umbo tu.

Koko alianza kwa kuacha kuficha. Uji ulibaki uji, ukaliwa mtupu asubuhi. Mchana, kabla mtoto hajachoka na kabla hajanyonya, alipika mchele kwa maji mengi hadi ukapasuka, akauponda kwa mgongo wa mwiko ndani ya sufuria na kutia karanga zilezile za uji. Kwa pua na ulimi wa mtoto, kile kilikuwa chakula anachokijua, kimekuwa kizito tu. Siku ya kwanza alikula vijiko vitatu, naye koko hakuongeza cha nne. Alipozoea, mwiko ukaponda nusu na kuacha nusu, laini kiasi cha kupondeka kati ya vidole viwili. Baadaye hakuponda kabisa, akapika kwa maji mengi tu. Kila mara kilibadilika kitu kimoja. Ladha ilipobadilika, yaani siku alipotia samaki aliyemchambua, umbo lilirudi nyuma hatua moja.

Kuna jambo dogo la mkono ambalo nililiona tu kwa kukaa karibu. Koko hakuweka wali katikati ya ulimi. Aliufinya uwe kama harage, akauweka pembeni, kati ya fizi na shavu. Ukiweka katikati, ulimi unafanya unachokijua, unasukuma mbele. Ukiweka pembeni, ulimi unalazimika kufuata kule kilipo chakula. Nilimwona mtoto akikodoa macho, taya likashuka na kupanda mara mbili, kisha akameza. Tangu punje zile tatu zilipotemwa, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwangu kumwona akitafuna.

Kwa nini kuhangaika hivyo wakati uji anaupenda? Kwa sababu ya maji. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mtoto wa miezi 12 hadi 23 anayenyonya kwa kiasi cha kawaida anahitaji kilokalori 550 hivi kwa siku kutoka kwenye chakula, mbali na maziwa. Uji mwembamba wa mchele mtupu, wenye gramu 12 za unga katika kikombe cha mililita 250, unampa kama 45. Angehitaji vikombe 12, na tumbo la mtoto wa kilo 9 linachukua kama kikombe kimoja kwa mlo. Gramu 100 za wali zina kilokalori 130 hivi. Kijiko cha chai cha mawese kina kama 40, karibu sawa na kikombe kizima cha uji ule, na ule wekundu wake ni dalili ya karotini ambayo mwili unaigeuza vitamini A. Kwa hiyo mtoto anaweza kushiba uji kila siku na bado akakonda.

Tatizo hili lilishughulikiwa Tanzania miaka 40 iliyopita. Mwaka 1983 A. C. Mosha na Ulf Svanberg walichapisha utafiti kuhusu kimea, unga wa nafaka iliyooteshwa: vimeng'enya vyake huvunja wanga, na uji uliopikwa mzito unalainika bila kuongezwa maji. Mwaka 1990 wakachapisha utafiti wa kijiji cha Luganga, Iringa, kuhusu watoto walivyoupokea uji wa namna hiyo na kiasi walichokula. Naipenda kazi hiyo kwa sababu ilianzia kwenye kitu ambacho akina mama waliotengeneza pombe walikuwa nacho tayari jikoni. Ila kimea kinatibu wepesi wa uji, kutafuna hakifundishi.

Na kutafuna kuna wakati wake. Watafiti waliofuatilia watoto waliozaliwa eneo la Avon, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1990, waliona kwamba walioanza vyakula vyenye vipande baada ya miezi 10 walisumbua zaidi kula walipofika miezi 15, na katika umri wa miaka 7 dalili zilikuwa bado zipo. Mtoto wetu wa Kama alikuwa amechelewa. Kuchelewa kulimaanisha hatua ndogo zaidi na siku nyingi zaidi. Hakukumaanisha kumziba pua ili afungue mdomo, jambo linalofanywa na watu wenye mapenzi mema na linaloweza kupeleka chakula kwenye njia ya hewa.

Hofu ya mama ilikuwa kupaliwa, na nilimwelewa. Mtoto anayejifunza hujikuta akitaka kutapika, anakohoa, uso unaiva, analeta punje mbele. Hiyo ni kinga yake inayofanya kazi, umwachie. Cha kutisha ni kimya: mtoto hakohoi, halii, midomo inabadilika rangi. Hapo unamlaza kifudifudi mapajani kichwa chini na kumpiga mgongoni kwa kiganja. Ndiyo maana karanga za koko zilitwangwa daima, samaki akachambuliwa kwa vidole mara mbili, na mtoto hakulishwa akiwa amelala.

Kuna chakula kimoja ningependa kingetumika zaidi, viwavi vilivyokaushwa na kusagwa. Katika jimbo la Équateur, hapahapa Kongo, utafiti uliochapishwa 2015 uliwapa watoto unga uliochanganywa na viwavi kuanzia miezi 6 hadi 18. Haukuzuia kudumaa, lakini hemoglobini yao ilikuwa juu zaidi na wenye upungufu wa damu walikuwa wachache. Akiba ya madini ya chuma ambayo mtoto anazaliwa nayo hupungua sana baada ya miezi sita, na wali hauwezi kuijaza.

Wiki ya tatu nilimkuta mtoto amekaa mbele ya sahani ya koko, mkono umejaa wali, nusu unaingia mdomoni na nusu unawaendea kuku. Koko alimwekea pembeni tonge dogo la sombe. Mtoto akalionja, akalitema. Tafiti za vyakula vipya zinasema ladha ngeni huhitaji kuonjwa mara 8 hadi 10, wakati mwingine zaidi, kabla haijakubalika. Koko hakuwa na hesabu hiyo. Alilila lile tonge mwenyewe, taratibu, mtoto akimtazama taya, na kesho yake akaweka jingine palepale.