Nyeusi Si Moja: Neno Juu ya Kopo la TS-29

Wandugu, juzi mtu alinicheka, eti lisansie mzima wa agronomia anabishana juu ya rangi ya gari la plastiki. Acheke tu. Mi niko na neno juu ya nyeusi.

Gari lenyewe ni Toyota Land Cruiser 80, maketi ya Tamiya ya kipimo cha 1/24. La kweli lina karibu mita 4.8, la mezani linabaki sentimita 20 hivi. Mjomba alitutumia sanduku lake kutoka Ubelgiji. Baba aliendesha gari la aina hiyo miaka mingi, shofere wa mradi, na nilitaka alione. Nikanunua bombe ya nyeusi inayong'aa kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikapuliza shasi, dashibodi, parshoki, vyote. Baba akaligeuza juu chini, akaangalia, akasema: "Hili ni la kwenye vitrini. Langu halikuwa hivi." Iliniuma, kwa sababu alisema kweli.

Wale waliosoma udongo watanielewa haraka. Shika bonge la udongo mkavu, lisome kwa kitabu cha Munsell, kisha limwagie maji na ulisome tena. Namba inabadilika, njo maana tunaandika zote mbili. Udongo ni ule ule, mwanga unaorudi njo umebadilika. Rangi yangu haikukosea weusi, ilikosea mng'ao. Kwenye kitu kidogo mng'ao mkali unaleta picha ya dirisha zima juu ya chuma chenye upana wa milimita 3, na jicho linajua palepale kwamba ni mchezo wa watoto. Tena ile rangi ilikaa nene, mistari ya fremu ikazama. Kumbuka, kwa kipimo hiki milimita 1 ni sentimita 2.4 za gari la kweli!

Wengine wanakimbilia nyeusi isiyong'aa kabisa, TS-6. Hapo napinga. Ile inameza mwanga, kona za shasi zinapotea, unabaki na kipande cha makaa. TS-29 ya Tamiya, nyeusi ya nusu-mng'ao, inaacha mwanga ushike kingo tu, sehemu bapa zinatulia. Kwa shasi na parshoki sijaona ya kuishinda. Kwa dashibodi naona inang'aa kidogo kupita kiasi, na kwa tairi hapana, usiiweke. Uvivu ninaoulaumu ni ule wa kutaka kopo moja limalize gari zima.

Na hilo neno "nusu" lenyewe linanisumbua. Nusu ya nini? Mng'ao unapimika, kuna kifaa kinachosoma mwanga kwa pembe ya digrii 60, lakini kopo halikuandikii namba. Humbrol 85 inaitwa satin, nyingine inaitwa nusu-mng'ao, na kifuniko hakikuambii zinatofautiana vipi. Pulizia kwanza kijiko cha plastiki, kiache kikauke, ukitazame nje kwenye jua. Hapo pia utajua kama dawa ya ile rangi inakula plastiki, maana zingine za ujenzi zinakula.

Kupuliza ni kama pompi ya mgongoni shambani. Ukisimama mbali sana, matone yanakauka hewani na uso unakuwa kama msasa. Ukikaribia sana, inatiririka. Sentimita 30 hivi, mikono myepesi mitatu, ungoje katikati. Na usipulize siku ya mvua. Hapa Bukavu, kuanzia mwezi wa 9, unyevu unaingia kwenye rangi ya aina hii na nyeusi yako inatoka na ukungu mweupe.

Shida kubwa ni kuipata. Bombe haikubaliwi kwenye mizigo ya ndege, basi yangu ilikuja kwa kontena, miezi na miezi. Wakati huo mdogo wangu alikuwa anasugua shasi kwa msasa wa maji, jioni kwa jioni, mpaka mistari ikarudi.

Tulipomaliza nikampa Baba bila kusema kitu. Akaligeuza tena juu chini, akalisogeza kwenye mwanga wa mlango, akakaa nalo muda mrefu. Kisha akauliza: "Na tope mutaiweka lini?"