"Still" na "Bado" si Pacha

Ndugu mshairi chipukizi, hebu leo tulichambue neno moja dogo la Kiingereza, "still". Shuleni wengi tuliambiwa maana yake ni "bado", tukaandika daftarini, tukaridhika. Kumbe neno lenyewe lina tumbo kubwa!

Asili yake ni utulivu, yaani kutotikisika. Kitu kilichotulia hakiondoki mahali pake, ndipo ikazaliwa maana ya kuendelea. Enzi za Shakespeare lilimaanisha pia "daima". Baadaye likaota ukaidi: "pamoja na hayo yote". Washairi wa Kiingereza hulipenda kwa kuwa msomaji aweza kusikia maana mbili tatu kwa mpigo. John Keats, aliyefariki Roma mwaka 1821 kwa kifua kikuu akiwa na miaka 25 tu, alilirudiarudia katika soneti yake "Bright Star". Anatamani kutulia kando ya mpenzi wake, na atulie hivyo milele. Yote mawili yamo ndani ya silabi moja.

Maya Angelou wa Marekani yeye alichukua ule ukaidi. Shairi lake "Still I Rise" limo katika kitabu chake cha mwaka 1978. Sasa tafsiri kichwa hicho neno kwa neno: "Bado Nainuka". Jamani! Huyo si shujaa aliyekataa kukandamizwa. Huyo ni mtu yuko kitandani, anaomba asubiriwe kidogo.

Tatizo liko wapi? "Bado" yetu ikisimama peke yake hutaja jambo ambalo halijatimia. "Umekula?" "Bado." Inatazama mbele. "Still" ya Angelou inatazama nyuma, kwenye yale yote yaliyoshindwa kumwangusha.

Hapo ndipo vijana wengine hukata tamaa, wakadai eti Kiswahili hakiwezi, wakalichomeka neno la Kiingereza katikati ya ubeti. Uvivu huo! Kwa kuendelea tunayo "-ngali": ningali hai. Kwa utulivu tunayo "tuli". Na ukaidi tunao midomoni kila siku: "tu". Mtu akikatazwa safari hujibu, "Nitakwenda tu." Hapo "tu" haina maana ya "peke yake", maana yake ni zuia utakavyo, nimeshaamua. Basi "Nitainuka Tu". Kweli tumehamia wakati ujao, lakini ukaidi umebaki, na umekaa mwishoni penye uzito.

Kwa hiyo usitafsiri neno, tafsiri kazi yake. Wala usiitie "bado" ili kujaza mizani nane za kipande. Ina kazi zake za heshima. Fikiria mpenzi anaulizwa, "Umenisahau?" Anajibu, "Bado." Je, hiyo ni faraja au ni onyo? Anakukumbuka, lakini siku ya kukusahau ameiachia nafasi.

Haya, jaribu kulisema hilo kwa "still" uone.