"Hakuna" si "Haikubainika"

Katika tafsiri za taarifa za upimaji wa maji ya kunywa, mara kwa mara tumekuta neno "hakuna" mbele ya jina la kemikali ya viwandani. Tafsiri hiyo hatuikubali. Mpimaji hakusema kwamba kemikali haimo; alisema tu kwamba hakuibaini kwa kiasi ambacho kipimo chake kinaaminika. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na mnywaji wa maji ndiye anayeibeba tofauti yake.

Tutazame Marekani. Katika upimaji wa maji ya umma wa mwaka 2013 hadi 2015, kemikali ya PFOA, iliyotumika katika kutengeneza Teflon, haikutolewa taarifa ilipokuwa chini ya nanogramu 20 kwa lita. Mwaka 2024 serikali ya huko iliweka kikomo cha nanogramu 4. Basi maji yenye nanogramu 15, karibu mara nne ya kikomo hicho, yangesomeka kwa mfasiri wetu kuwa "hakuna"!

Tunapendekeza "haikubainika", na kando yake iandikwe tarakimu ya kima cha chini cha kipimo: "haikubainika; kima cha chini nanogramu 20". Wapo watakaolalamika kwamba maneno hayo hayaenei katika safu ya jedwali. Na ipanuliwe safu. Ama "salama", neno ambalo wafasiri hupenda kuliongeza kwa hisani, lisiandikwe ila pale lilipo katika matini ya asili.