Ulinzi wa Wadi na Hesabu ya Athari

Mtu aliyekulia ukingoni mwa Rufiji au Pangani, kisha akaja kukaa Ghubra, mtaa wa Maskati, hukawia kusadiki kwamba ule ukanda wa kokoto kavu unaopita baina ya majumba na barabara ukielekea baharini ni njia ya mto, kwani mvua ya Maskati kwa mwaka mzima ni kadiri ya milimita 100 tu, na wadi hulala miezi mingi pasipo tone. Walakini mwezi wa Juni 2007, tufani ya Gonu ilipoiangukia Omani, wadi hizo hizo zilishuka zikabeba magari na kuta, na walioliona jambo lile hawajalisahau hata leo. Baada ya maafa ya namna hiyo watu hujitolea kwa wingi, na thawabu zao kwa Mola hazina shaka. Bali kulinda bonde mwaka mzima, wakati ambapo hapana msiba wa kuwakusanya watu, kunataka nidhamu nyingine, na nidhamu hiyo kwa Omani haina budi kutafutwa kwa watu wa falaji, yaani mifereji ya kugawia mashamba maji.

Falaji ziko namna tatu: daudi, ichimbwayo chini kwa chini tokea kisima mama, ambayo mapokeo huinasibisha na Nabii Suleiman bin Daudi, aini, itokayo katika chemchemi, na ghaili, ambayo ndiyo inayotuhusu, kwa kuwa huyapokea maji ya wadi yenyewe na kuyapeleka mashambani kwa mfereji ulio wazi. Mwaka wa ghaili hufuata tabia ya wadi. Mvua za majira ya baridi zikiteremsha gharika, kokoto huuziba mdomo wa mfereji, na wenye falaji hupanda na majembe wakauzibue kabla mitende haijaona kiu; kiangazi kikifika, tende zinapoiva na maji yanapopungua, jembe huwekwa kando na hesabu ndiyo hushika kazi.

Hesabu hiyo husimamiwa na wakili, mkuu wa falaji. Chini yake yupo arifu, agawaye zamu. Kabidhi, ashikaye fedha. Na dalali, anadiye maji. (Msomaji wa pwani hatahitaji kamusi kwa majina haya, ingawa sisi kabidhi na dalali tumewazoea dukani na sokoni.) Kipimo ni athari, yaani muda wa kadiri ya nusu saa, ambao zamani mchana ulijulikana kwa kivuli cha mti uliosimikwa na usiku kwa kuchomoza kwa nyota, na siku hizi ni saa ya mkononi. Zamu ikiisha, jiwe lililovikwa matambara huondolewa katika tundu la shamba moja likazibe la jingine, na maji hugeuka njia pasipo neno.

Hapa ndipo ulipo ustadi wenyewe. Kwa kuwa mtu humiliki muda wala hamiliki pipa, chanzo kikidhoofika nusu saa ya kila mmoja huleta maji machache siku ile ile, ya tajiri na ya maskini, na hapana awezaye kusema kwamba hasara ni ya jirani. Tena falaji yenyewe ina athari zake, ambazo dalali huzinadi, na fedha yake ndiyo ijengayo kingo zilizobomolewa na gharika; ukarabati haungoji sadaka. Maji ya kunywa hutangulia yote, hayana zamu wala bei.

UNESCO iliziandika falaji tano za Omani katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, miongoni mwao Daris ya Nizwa na Khatmeen ya Birkat al-Mouz, na yasemekana falaji kama 3,000 zingali zikitumika. Rai yangu ni kwamba kundi lolote la mtaa linalotaka kulinda wadi lianze kwa kuuliza kila mwanachama atapungukiwa nini wadi ikiharibika, ndipo ligawe mifuko ya taka. Swali hilo ni zito kwetu, kwa sababu maji ya Ghubra hutoka baharini, kwa mitambo ya kuondoa chumvi, kazi iliyoanza hapa mwaka 1976, na wadi ipitayo mtaani hapana mwenye athari hata moja ndani yake.