Ukurasa Usiosafiri: Uhakiki wa Upatanifu katika Programu za Mwanzo za Uchapishaji wa Mezani

Utangulizi

Mwaka jana tulikusanya insha za darasa letu ili zichapwe kuwa kijitabu. Insha yangu ilihusu ngeli za nomino, nayo ilikuwa na jedwali moja lililojaza nusu ya ukurasa. Nilipoipeleka kwa mchapaji ilikuwa na kurasa nane. Ilipotoka ilikuwa na kurasa tisa, jedwali limekatwa katikati, na kichwa cha sehemu ya mwisho kimebaki peke yake chini ya ukurasa. Nilipolalamika, kijana wa dukani alinijibu kwa upole: "Kaka, mashine yetu haina fonti yako."

Nilidhani hiyo ni kasoro ya duka lile. Nilipoanza kusoma historia ya uchapishaji wa mezani, yaani kazi ya kupanga kurasa za kitabu au gazeti kwa kompyuta ndogo, niligundua kwamba kasoro hiyo ilizaliwa pamoja na uchapishaji wenyewe. Makala hii inahakiki programu mbili za miaka ya 1980, PageMaker na Ventura Publisher, kwa kigezo kimoja: upatanifu. Kwa neno hili nina maana ya uwezo wa kompyuta, programu, fonti na printa kuelewana, hata kazi iliyofanywa kwenye mashine moja ikasomeka vilevile kwenye nyingine. Hoja yangu ni kwamba programu hizi zilisifiwa kwa uzuri wa ukurasa, ilhali jambo lililopaswa kuangaliwa zaidi ni mahali zilipoyaweka maneno ya mwandishi.

Vifaa vinne vilivyoelewana

Kwa kawaida historia hii husimuliwa kama habari ya programu moja. Mwezi wa Julai 1985, kampuni ya Aldus ya Seattle, Marekani, ilitoa PageMaker kwa ajili ya kompyuta ya Macintosh, kwa bei ya dola 495. Mwanzilishi wa kampuni hiyo, Paul Brainerd, ndiye anayetajwa kuwa alilibuni jina la uchapishaji wa mezani. Masimulizi hayo si ya uongo, lakini ni nusu ya habari. Kidole kimoja hakivunji chawa. PageMaker isingefika mbali bila Macintosh iliyoweza kuonyesha maumbo ya herufi kwenye skrini, bila printa ya LaserWriter iliyotolewa na Apple mwaka huohuo, na bila PostScript, lugha ya kuelezea ukurasa iliyotengenezwa na Adobe, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1982 na John Warnock na Charles Geschke.

Tuitazame LaserWriter kwa makini, kwa sababu ndani yake ndimo siri ilimokaa. Iliuzwa dola 6,995. Ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 1.5 na kichakataji cha megahezi 12. Macintosh ya kwanza ya mwaka 1984 ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128 tu, na kichakataji cha aina ileile lakini chenye mwendo wa karibu megahezi 8. Kwa maneno mengine, printa ilikuwa kompyuta yenye nguvu kuliko kompyuta iliyoipa kazi.

Kwa nini printa ihitaji nguvu zote hizo? Hesabu yake ni rahisi. Ukurasa wa inchi 8.5 kwa 11, ukichapwa kwa nukta 300 katika kila inchi, una nukta zaidi ya milioni 8.4. Kila nukta ikichukua biti moja, ukurasa mzima unahitaji zaidi ya baiti milioni moja. Printa ya LaserJet ya kampuni ya Hewlett-Packard, iliyotoka mwaka 1984 kwa dola 3,495, ilitumia mtambo wa ndani wa Canon kama LaserWriter, na ilichapa nukta 300 vilevile. Lakini ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128. Matini ilitoka vizuri, kwa sababu maumbo ya herufi yalikuwa tayari ndani ya printa au kwenye vibweta vya fonti vilivyochomekwa. Picha ya kujaza ukurasa mzima ilibidi ishushwe hadi nukta 75 kwa inchi. Mnunuzi aliyesoma tangazo aliona printa mbili zenye nukta 300. Aliyefika nyumbani na ile ya bei nafuu alikuta kwamba ukurasa wake haukuwa na pa kukaa.

Kati ya skrini na karatasi kulikuwa na pengo jingine. Programu hizi zilinadiwa kwa ahadi kwamba unachokiona ndicho utakachokipata. Skrini ya Macintosh ilikuwa na nukta 72 kwa inchi, nayo LaserWriter 300. Zaidi ya hayo, fonti za skrini zilizopewa majina ya miji, kama New York, Geneva na Monaco, hazikuwemo ndani ya printa. LaserWriter ya kwanza ilikuja na jamii nne tu za fonti: Times, Helvetica, Courier na Symbol. Mtu akichapa kwa New York, mfumo uliweza kuiweka Times mahali pake huku ukibakiza upana wa maneno ya New York, na herufi zikatoka zikiwa zimetawanyika kama meno ya mtoto. Nilipolisoma hili nilimkumbuka yule kijana wa dukani. Jibu lake lilikuwa na umri mkubwa kuliko yeye mwenyewe.

Haki inadai tuseme pia jambo ambalo PostScript ililifanya vizuri. Faili lililochapwa kwa nukta 300 kwenye LaserWriter liliweza kupelekwa kwenye mtambo wa Linotronic 300 wa kampuni ya Linotype, likatoka kwa nukta 2,540 kwa inchi bila kuandikwa upya. Ukurasa ulielezwa kwa mistari na mikunjo, nayo mashine ikahesabu nukta zake yenyewe. Huo ulikuwa upatanifu wa kweli. Lakini ulikuwa upatanifu wa walioingia katika ukoo mmoja. Asiye na printa ya PostScript alibaki nje ya mlango.

PageMaker na Ventura: njia mbili

Ventura Publisher ilitoka mwaka 1986 ikisambazwa na Xerox. Haikuandikwa kwa ajili ya Macintosh, bali kwa kompyuta za aina ya IBM PC zilizotumia DOS, mfumo ambao programu zake zilibanwa ndani ya kilobaiti 640 za kumbukumbu. Kwa kuwa DOS haikuwa na madirisha wala menyu za picha, Ventura ilikuja na mazingira ya GEM ya kampuni ya Digital Research. PageMaker nayo ilipohamia upande wa PC mwaka 1987, ilikuja juu ya Windows ya awali. Hivyo katika kompyuta ileile kulikuwa na programu mbili za kupanga kurasa, kila moja ikibeba mazingira yake mgongoni.

Tofauti iliyo muhimu zaidi haikuwa ya mazingira, bali ya fikra. PageMaker iliiga meza ya mpanga kurasa: unachukua matini, unaiweka kwenye ukurasa, unaisogeza kwa mkono. Katika matoleo ya mwanzo, matini iliyowekwa iliingia ndani ya faili la PageMaker na kuachana na faili lake la asili. Toleo la kwanza lilikubali kurasa 16 kwa faili moja. Kwa tangazo au jarida dogo, hiyo ilitosha kabisa.

Ventura ilifanya kinyume. Matini ilibaki katika faili la programu ya kuandikia, kwa mfano WordStar au WordPerfect, na kila aya ikapewa lebo iliyoandikwa wazi mwanzoni mwake, ikianza kwa alama ya @. Sura ya kila lebo, yaani ukubwa wa herufi, nafasi na ujongezaji, ilihifadhiwa katika faili jingine la mtindo. Faili la tatu, la sura ya kitabu, liliunganisha yote hayo. Ukirekebisha neno ndani ya Ventura, rekebisho hilo liliandikwa katika faili la asili. Matini moja iliweza kuvalishwa mtindo wa kitabu leo na mtindo wa gazeti kesho.

Wengi waliona Ventura ngumu, na walikuwa na sababu. Faili la sura lilikumbuka anwani kamili ya kila faili kwenye diski. Mtumiaji aliyenakili mafaili kwa amri ya kawaida ya DOS na kuyapeleka kwenye kompyuta nyingine alikuta mnyororo umekatika. Ilimbidi atumie amri ya kunakili iliyokuwa ndani ya Ventura yenyewe. Pia kila printa ilikuwa na jedwali lake la upana wa herufi. Ukibadili jedwali, mistari iliweza kukatika mahali pengine. PageMaker ya PC nayo haikusalimika: ukibadili printa iliyokusudiwa, ilikuuliza kama ipange upya chapisho zima.

Hata hivyo, kwa kigezo nilichokiweka, naipa Ventura alama ya juu. Ukurasa wake ukivunjika, maneno yalibaki. Faili la matini lenye lebo za @ husomeka hata leo kwa programu yoyote nyepesi ya kuandikia ikiwa lilihifadhiwa kama matini tupu. Faili la PageMaker humhitaji PageMaker, au jamaa yake wa karibu aliye tayari kulifungua.

Herufi moja, namba nyingi

Jambo linalotugusa zaidi sisi wanafunzi wa lugha ni msimbo wa herufi. Kompyuta haihifadhi herufi bali namba, na kila mfumo ulikuwa na orodha yake. Hapa kwetu Burundi, ambapo mtu huandika Kifaransa asubuhi na Kiswahili alasiri, mfano ni rahisi kuupata. Herufi é ilikuwa namba 142 kwenye Macintosh, 130 kwenye DOS ya Marekani na 233 kwenye Windows. Faili la Macintosh likisomwa na DOS bila kubadilishwa msimbo, kila é iligeuka Ä.

Tunaweza kudhani kwamba Kiswahili kiliepuka balaa hili kwa kuwa hakina alama juu ya irabu. Hakikuepuka. Kina ng'. Kitone kilichonyooka ni namba 39 kila mahali, lakini kitone kilichopinda, ambacho wapanga kurasa hukipenda kwa uzuri wake, kilikuwa namba 213 kwenye Macintosh, na 213 kwenye Windows ni herufi Õ. Kwa hiyo ng'ombe wa Macintosh akivushwa bila kibali alifika upande wa pili akiitwa ngÕombe.

Je, haikuepukika?

Wapo watakaosema kwamba ninawahukumu wahenga wa kompyuta kwa sheria za leo. Kumbukumbu ilikuwa ghali, soko lilikuwa changa, na disketi za Macintosh zenyewe hazikusomeka kwenye PC. Hoja hii ina uzito, lakini haitoshi. Adobe iliyaweka siri maelezo kamili ya fonti zake za Type 1 hadi mwaka 1990. Iliyatangaza baada ya Apple na Microsoft kutangaza, mwaka 1989, kwamba zingeleta aina nyingine ya fonti, TrueType. Maelezo yaliyoweza kutolewa baada ya ushindani kuingia yangeweza kutolewa mapema. Sehemu ya ukosefu wa upatanifu ilitokana na uhaba. Sehemu nyingine ilitokana na biashara.

Hitimisho

Adobe iliinunua Aldus mwaka 1994, ikatoa InDesign mwaka 1999, na toleo la mwisho la PageMaker lilitoka mwaka 2001. Mwaka 2023 Adobe iliacha kuzitumia fonti za Type 1 katika programu zake, zilezile zilizokuwa fahari yake. Muundo wa PDF, uliotoka mwaka 1993, unaweza kubeba fonti ndani yake, hivyo ukurasa ukajifunza kusafiri. Lakini PDF hugandisha ukurasa. Haikukusudiwa kuwa mahali pa kuendelea kuandika.

Lugha zenye vitabu vingi hupoteza faili wakabaki na nakala mia maktabani. Kijitabu chetu kilichapwa nakala arobaini. Faili lake likishindwa kufunguka miaka ishirini ijayo, na nakala hizo zikaliwa na mchwa, hakuna atakayejua kwamba tuliandika. Kwa hiyo naona tuhifadhi kila insha mara mbili: mara moja kama ukurasa uliopangwa, na mara moja kama matini tupu isiyo na fonti wala jedwali. Safari hii nimeifanyia hivyo makala ninayoiandika. Mhariri akikuta kurasa zimeongezeka, maneno yatakuwa yapo.