Kisanduku cha kiko: mti na chuma

Kisanduku cha kubebea kiko tulichokishika hapa Kalemie kimefunikwa chuma pande zote. Fundi anasema njo uzuri. Sisi hatukubali. Tuangalie kishikio cha pinde cha wafalme wa Kiluba: juu matawi matatu ya mti yanabeba pinde, chini chuma kinachomwa udongoni. Kila kimoja na kazi yake. Kando ya ziwa, wakati wa mvua mti unavimba, chuma hapana. Basi misumari inalegea, mfuniko unakwama. Chuma kikae kwenye bawaba, kwenye komeo, na ndani pale kichwa cha kiko kinalala, maana kaa lililobaki linaunguza mti. Mfuniko ubaki mti mtupu, uchongwe pembetatu za balamwezi, ule mwezi mpya wa Watabwa.